MCHEZA KWAO HUTUNZWA: MAISHA YA BONDIA ROBERT WANGILA

Mhariri wetu alipotutaka tuandike juu ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, kila mtu alidhani nitamwandikia mkimbiaji. Hilo si ajabu. Hapa Eldoret mtoto hujifunza majina ya wakimbiaji kabla hajajua kuhesabu hadi mia. Ukiamka alfajiri ukatazama barabara ya kwenda Iten au ya kwenda Kaptagat, utawaona vijana wakipita kwa makundi, pumzi zikiwatoka kama moshi wa chai. Mji wetu umeitwa nyumbani kwa mabingwa, na tangu Agosti 2024 umepandishwa hadhi kuwa jiji. Mabingwa wa mbio tunao, tena wa kumwaga.

Mimi lakini nimechagua bondia. Tena bondia mwenyewe hakuzaliwa huku kwetu.

Sababu ni hii. Bwenini mwetu wamo vijana wanaojua mambo yote ya wanamieleka wa Marekani waonekanao kwenye televisheni. Wanajua uzito wao, mikanda yao, hata nyimbo wanazoingilia ulingoni. Jioni moja niliwauliza ni Mkenya gani pekee aliyewahi kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mchezo usiokuwa riadha. Kimya! Mmoja akasema labda ni wa raga. Mwingine akasema hakuna mtu kama huyo. Kumbe yupo, na jina lake ni Robert Napunyi Wangila. Basi nikaona afadhali niishike kalamu, maana jina la shujaa likiachwa bila kutajwa huota kutu kama jembe lililoachwa nje ya nyumba.

Tena hebu tuelewane mapema. Ile mieleka ya televisheni, wapiganaji wake hukubaliana kabla ya kuingia ulingoni nani ataanguka na nani atainuliwa mkono. Kuanguka kwenyewe kunauma kweli, sikatai, lakini mwisho unajulikana. Ndondi si hivyo. Katika ndondi kila mmoja anakusudia kwa dhati kumwangusha mwenzake, na hakuna ajuaye usiku utaishaje. Ukilishika hilo, utaielewa hadithi hii.

KUZALIWA KWAKE NA WALIOMTANGULIA

Wangila alizaliwa jijini Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Kenya yetu ilikuwa haijatimiza miaka minne tangu ipate uhuru. Mwaka uliofuata, 1968, Olimpiki zilifanyika katika jiji la Mexico, na hapo ndipo dunia ilipotujua. Naftali Temu alishinda mita 10,000, Kipchoge Keino akashinda mita 1,500, naye Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji. Uwanja wetu mkubwa hapa mjini umepewa jina la Keino, kwa hivyo hilo unalijua. Lakini je, unajua kwamba katika mashindano hayohayo bondia wetu Philip Waruinge alipata medali ya shaba, na juu yake akatunukiwa kombe la bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wote? Hizo ndizo siku mbio na ndondi zilipoanza kutembea bega kwa bega.

Miaka minne baadaye, mjini Munich, Waruinge alirudi na medali ya fedha. Dick Murunga na Samuel Mbugua nao wakaleta shaba. Ndondi ilikuwa imeshika kasi nchini. Jeshi, polisi, magereza, shirika la reli na makampuni makubwa walikuwa na vilabu vyao, na kijana aliyejua kurusha ngumi aliweza kupata kazi, sare na mshahara kwa sababu ya mikono yake.

Kisha giza likaingia. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo, zilisusia Olimpiki za Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii Olimpiki za Moscow, kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan. Sisemi kwamba kususia kulikuwa kosa. Ubaguzi ni jambo la kupigwa vita. Lakini mtazame Stephen Muchoki. Mwaka 1978 alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa huko Belgrade, ngumi zake zimeiva kabisa, na Olimpiki zote mbili za miaka hiyo zikampita. Akaingia ndondi za kulipwa huko Denmark, na mwaka 1982 akapigania mkanda wa dunia dhidi ya Santos Laciar wa Argentina. Akashindwa. Mchezaji ana msimu wake kama mahindi. Mvua ikichelewa, hata uwe na mbegu nzuri namna gani, utavuna mabua.

Wangila alikuwa na bahati ya mvua. Alipokuwa akikua, Kenya ilirudi ulingoni. Mwaka 1984 mjini Los Angeles, Ibrahim Bilali alipata shaba. Mwaka 1987 Nairobi ikaandaa Michezo ya Afrika Nzima, uwanja mpya wa Kasarani ukafunguliwa, na mabondia wa Kenya wakatamba mbele ya watu wao wenyewe. Kijana wa Nairobi aliyekuwa akikaribia miaka ishirini aliweza kuona kwa macho yake kwamba ngumi zinaweza kumfikisha mbali. Mwaka mmoja baadaye akapanda ndege kwenda Korea Kusini.

SIKU YA DHAHABU

Olimpiki za Seoul zilianza tarehe 17 Septemba 1988 na kumalizika tarehe 2 Oktoba. Baba yangu alikuwa mtoto wa shule ya msingi hapa Eldoret. Ananiambia kwamba walikuwa wakisikiliza Sauti ya Kenya asubuhi kabla ya kwenda shule, kwa kuwa saa za Korea zimetangulia zetu kwa saa sita, na kwamba mwalimu wao aliyejulikana kwa ukali alichelewa kuingia darasani siku kadhaa bila kujieleza. Walijua tu kwamba naye alikuwa ameiganda redio.

Na walikuwa na haki ya kuganda! Peter Rono, kijana wa jirani zetu wa Nandi, alishinda mita 1,500. Paul Ereng akashinda mita 800. John Ngugi akashinda mita 5,000. Julius Kariuki akashinda mbio za viunzi na maji. Dhahabu nne, zote za miguu. Ya tano ilikuja kwa mikono.

Wangila alipigana katika uzito wa welta, ambao kikomo chake katika ridhaa wakati huo kilikuwa kilo 67. Pigano la ridhaa lilikuwa la raundi tatu, kila moja dakika tatu. Bondia alivaa kofia ya kukinga kichwa na fulana, na waamuzi watano walikaa pembeni wakihesabu makonde. Wangila alipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka nusu fainali. Huko akapangiwa Jan Dydak wa Poland, lakini Dydak hakuweza kupanda ulingoni, hivyo Wangila akapita bila kutupa ngumi. Upande wa pili Mfaransa Laurent Boudouani alimshinda Mmarekani Kenneth Gould. Fainali ikawa ni Kenya na Ufaransa.

Hapa nataka utulie kidogo, msomaji. Mashindano yale ya Seoul yana doa ambalo halijafutika. Mmarekani Roy Jones alimpiga Park Si-hun wa Korea Kusini raundi zote tatu, kila mwenye macho akaona, lakini waamuzi watatu kati ya watano wakampa ushindi Mkorea. Dunia nzima ilipiga kelele. Kwa hiyo mtu aliyetegemea alama katika ulingo ule alikuwa akitegemea mapenzi ya watu.

Wangila hakuwaachia waamuzi kazi. Katika raundi ya pili konde lake lilimfikia Boudouani, na Mfaransa hakuweza kuendelea. Nokauti. Hakuna kujumlisha, hakuna kutoa, hakuna rufaa. Bendera ya Kenya ikapandishwa juu, wimbo wetu wa taifa ukapigwa, na kijana wa miaka 21 akasimama na dhahabu kifuani. Mwenzake Chris Sande, wa uzito wa kati, alipata shaba.

Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Kabla yake, mabondia wa Afrika waliokuwa wamepata dhahabu ya Olimpiki walikuwa Wazungu wa Afrika Kusini, miaka mingi nyuma. Wangila ndiye aliyekuwa Mwafrika mweusi wa kwanza. Na kwa Kenya, tangu siku hiyo mpaka Olimpiki za Paris mwaka 2024, hakuna Mkenya mwingine aliyeleta dhahabu nje ya riadha. Hata shaba ya ndondi hatujaiona tena.

NDONDI ZA MKATE

Sasa swali ambalo kila bingwa huulizwa na tumbo lake: je, medali inaliwa?

Mwaka 1989 Wangila aliingia ndondi za kulipwa na kwenda kutafuta riziki Marekani. Usimlaumu. Kenya ya wakati ule haikuwa na mapigano ya kulipwa ambayo yangeweza kumlisha bingwa wa Olimpiki pamoja na wanaomtegemea. Waruinge alikuwa amekwenda Japani, Muchoki alikuwa amekwenda Denmark. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli, lakini wahenga hawakutuambia mtu afanye nini ikiwa kwao hakuna jukwaa la kuchezea.

Wengi wetu hatujui tofauti ya ridhaa na kulipwa, kwa hiyo acha nieleze kidogo. Katika ridhaa wewe ni mtoto wa taifa. Nauli italipwa, daktari wa timu yupo, kocha yupo, na ukishinda au ukishindwa unarudi kambini mle ugali pamoja. Katika ndondi za kulipwa wewe ni duka, na bidhaa iliyomo dukani ni mwili wako. Yuko meneja anayekutafutia mapigano, naye ana fungu lake. Yuko kocha, naye ana fungu lake. Yuko mwenye kuandaa pambano, ambaye anataka viti vijae. Kofia ya kichwa huvuliwa. Fulana huvuliwa. Raundi zinaongezeka kutoka tatu hadi nane, kumi, au kumi na mbili. Usipopigana huli. Ukipigana ukashindwa, bei yako inashuka, na pambano litakalofuata utalipwa kidogo zaidi kwa kupigwa zaidi.

Wasomaji wa hapa Eldoret wataelewa jambo hili upesi kuliko wa mahali pengine. Si tunao kaka na dada wanaokwenda kukimbia mbio za barabarani huko Ulaya na Marekani kila mwaka? Si nao wana mawakala wenye mafungu yao? Mkimbiaji akiumia goti akiwa Ujerumani peke yake, nani anamwambia apumzike ikiwa kila mtu anayemzunguka anakula kutokana na goti hilo? Basi mchukue huyo mkimbiaji, mwongezee mtu mbele yake anayempiga kichwani, utakuwa umemwona Wangila.

Makazi yake ya kazi yakawa Las Vegas, mji ulio katika jangwa la jimbo la Nevada. Ni mji wa kamari. Hoteli zake ni kubwa kama vijiji, taa hazizimwi usiku wala mchana, na mapigano ya ndondi hufanyika humohumo hotelini ili watu wakimaliza kutazama warudi mezani kucheza pesa zao. Huko ndiko Mkenya wetu alikokuwa akipanda ulingoni.

Na alipigana, si mchezo! Katika muda wa miaka mitano hivi alipigana mara 27. Alishinda mapigano 22, na kati ya hayo 16 aliyamaliza kabla ya kengele ya mwisho. Alishindwa mara 5, ya mwisho ikiwa ni ile nitakayoisimulia. Ukizitazama hesabu hizi vizuri utaona ni za bondia mzuri hasa. Hata hivyo hakuwahi kuvaa mkanda wa ubingwa wa dunia. Alibaki pale ambapo wengi hubaki: karibu na mlango, lakini si ndani ya nyumba. Na mtu aliye karibu na mlango ndiye anayeona vigumu zaidi kugeuka na kuondoka.

USIKU WA LAS VEGAS

Julai 1994 macho ya dunia yalikuwa Marekani kwa sababu ya Kombe la Dunia la kandanda, ambalo Brazil ililitwaa tarehe 17. Siku tano baadaye, Ijumaa tarehe 22, Wangila alipanda ulingoni Las Vegas kupambana na David Gonzales. Halikuwa pambano la kutangazwa kila kona. Lilikuwa siku moja ya kazi.

Walipigana raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, wakaendelea. Mpaka raundi ya tisa Wangila alikuwa amekula makonde mengi. Refa alikuwa Joe Cortez, mtu mwenye uzoefu. Cortez alitazama, akaona yatosha, akaingia katikati na kulisimamisha pambano.

Wangila alikasirika. Alipinga. Aliona kwamba bado alikuwa na uwezo wa kuendelea, kwamba amenyang'anywa nafasi yake akiwa amesimama kwa miguu yake miwili. Msomaji, hapa ndipo hadithi hii inaponishika koo. Bingwa wa Olimpiki alimwona refa kuwa adui yake, na yule refa ndiye aliyekuwa akijaribu kumwokoa.

Haukupita muda mrefu. Akiwa ameshatoka ulingoni, akapoteza fahamu. Alikimbizwa hospitalini na madaktari wakampasua kichwa ili kuondoa damu iliyokuwa imevilia ndani ya fuvu. Hakuzinduka tena. Tarehe 24 Julai 1994, Robert Wangila aliaga dunia. Alikuwa na umri wa miaka 26. Septemba ile angetimiza 27.

Labda unajiuliza inawezekanaje mtu asimame, abishane na refa, kisha azimie. Mwalimu wetu wa bayolojia alinisaidia kuelewa, nami nitakupa kama nilivyopewa. Ubongo haukushikamana na fuvu, unaelea ndani ya maji yake. Kichwa kikipigwa na kugeuka ghafla, ubongo unabaki nyuma kidogo, na vile vimishipa vyembamba vinavyouunganisha na utando wa juu huvutwa mpaka vikakatika. Damu huanza kuvuja polepole. Mwanzoni hakuna linaloonekana. Mtu anaongea, anatembea, pengine hata anacheka. Lakini fuvu ni mfupa, halipanuki. Damu ikizidi inaubana ubongo, mpaka sehemu zinazoongoza pumzi na moyo zikashindwa kufanya kazi. Kwa hiyo usemi wa bondia kwamba anajisikia vizuri si ushahidi. Anayeumia ndiye wa mwisho kujua.

Iko sadfa moja ambayo nimeiwaza sana. Mwezi wa Novemba 1982, katika mji huohuo wa Las Vegas, bondia Duk Koo Kim wa Korea Kusini alisimamishwa na refa katika raundi ya 14 alipopigana na Ray Mancini. Akazimia, na siku chache baadaye akafa. Kifo chake ndicho kilichofanya mapigano ya ubingwa yapunguzwe kutoka raundi 15 hadi 12. Mkorea alikufa Las Vegas. Mkenya alipata dhahabu yake Korea, halafu naye akaenda kufia Las Vegas. Sheria ilikuwa imepunguza raundi, lakini haikuweza kupunguza uzito wa konde.

Na yule Boudouani aliyeangushwa Seoul? Aliendelea kupigana kwao Ulaya. Mwaka 1996 alitwaa mkanda wa dunia wa uzito wa welta wa juu, akakaa nao mpaka mwaka 1999. Aliyeshindwa alikuja kuwa bingwa wa dunia, na aliyemshinda alikuwa kaburini. Sisemi kwamba ni kwa sababu moja tu. Riziki na ajali ni siri ya Mungu. Lakini yule mmoja alikuwa karibu na kwao, na huyu wetu alikuwa maili maelfu kutoka kwao.

FUNZO KWETU

Wapo watakaosoma makala hii wakasema ndondi ipigwe marufuku. Mimi sioni hivyo. Ndondi ilimpa Wangila jina, ikaipa Kenya wimbo wake katika ukumbi wa ugenini, na katika mitaa ya Nairobi imewatoa vijana wengi katika njia mbaya. Tena nani atamwambia kijana asiye na karo wala shamba kwamba asiutumie mwili wake, ikiwa huo ndio mtaji wake pekee?

Ninachosema ni kingine. Pale Seoul, Wangila alikuwa na taifa zima nyuma yake. Miaka sita baadaye alikuwa mfanyakazi wa kujitegemea, kila pambano mkataba wake, kila jeraha mzigo wake. Alipokuwa akipanda tulikuwa tumeiganda redio. Alipokuwa akishuka hatukuwa tukimsikiliza. Methali ya mcheza kwao hutunzwa tumezoea kuitumia kumwonya anayekwenda ugenini. Mimi naona inatuonya zaidi sisi tunaobaki nyumbani. Kutunza si kumpokea mtu uwanja wa ndege kwa maua na maziwa ya mursik akirudi na medali, kisha kumwacha ajitafutie. Kutunza ni kuhakikisha kwamba siku mwili wake unapochoka yuko mtu wa kumwambia basi inatosha, tena mtu ambaye halipwi kutokana na uchovu huo.

Funzo la pili ni letu sisi wanafunzi, na ni dogo, lakini ndilo lililonifanya nikeshe na makala hii. Katika michezo ya madarasa muhula uliopita nimeona jinsi tunavyofanya. Mchezaji akigongwa kichwa, mwalimu wa michezo akamtoa nje, sisi tulio pembeni tunapiga miluzi. Tunamwita mwoga. Tunamwita mwalimu msaliti wa timu. Na mchezaji naye, kwa kuona haya, anamsihi mwalimu amrudishe uwanjani na kuapa kwamba yuko sawa. Sote tunamfanya yule anayesimamisha mchezo aonekane adui.

Joe Cortez hakuwa adui wa Wangila usiku ule. Alikuwa amechelewa kwa konde moja au kwa makonde ishirini, hilo hakuna ajuaye, lakini katika ukumbi mzima yeye ndiye aliyefanya kazi ya kaka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, muhula huu mechi zikianza, mwenzetu akitolewa nje kwa kuumia tumpigie makofi anapotoka kama tunavyompigia anapofunga bao. Na ikiwa ni wewe unayetolewa, toka. Uwanja utakungoja.

Robert Napunyi Wangila, mwana wa Nairobi, bingwa wa Seoul, tunakukumbuka hata huku kwenye mji wa wakimbiaji. Mola ailaze roho yako mahali pema. Nami hapa naweka kalamu chini.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.